Hedifoni za DAF kwa mwenye kigugumizi: mwongozo kamili kwa waliojaribu ikagoma

Maswali ninayopata yanafanana mpaka yanachosha. Mtu anasikia kuna programu inasaidia kigugumizi, anaipakua, anavaa hedifoni, anaanza kuongea, anasikia sauti yake inarudi kama yupo pangoni, kigugumizi kiko pale pale au kimezidi, anafuta programu anasema ni utapeli. Mimi nauliza swali moja tu: hedifoni zako ni za waya au Bluetooth? Na jibu karibu siku zote ni Bluetooth.

Hapo ndo wengi wanafelia, kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye kupima na kuseti, alafu mazoezi yenyewe.

## Kwanza elewa unachofanya

DAF ni kifupi cha Kiingereza, delayed auditory feedback, yaani kusikia sauti yako mwenyewe ikiwa imechelewa. Ni kitu rahisi: maiki inachukua sauti yako, simu inaishikilia kidogo sana, alafu inakurudishia sikioni ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Watu wengi wenye kigugumizi wakisikia sauti yao hivyo wanatiririka vizuri zaidi papo hapo. Sababu yake hasa wataalamu hawajaafikiana. Na sio kila mtu anaitikia, kuna anayepata nafuu kubwa, kuna wa nafuu ndogo, kuna ambaye hapati kitu kabisa hata kila kitu kikiwa sawa.

Kuna vifaa vilivyotengenezwa maalumu kwa kazi hii, kinachojulikana zaidi ni SpeechEasy cha Marekani, unakivaa sikioni kama kile cha wasiosikia vizuri, ila bei yake ni maelfu ya dola. Simu na hedifoni za waya zinafanya kazi ya msingi ile ile.

Sio dawa lakini. Ukivua, kwa watu wengi nafuu inaondoka nayo, na wengine hata wakiwa wamevaa inapungua kadiri wanavyozoea. Ichukue kama nyenzo ya mazoezi.

Nani asianze na huu mwongozo: mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa na kigugumizi na kimemwanza ghafla, hasa kama mdomo umeenda upande, mkono umelegea au maneno yanatoka ovyo. Hiyo inaweza kuwa kiharusi, ni hospitali sasa hivi, sio Play Store. Na mtoto mdogo ambaye hajaanza shule usimvalishe hivi vitu, ana njia zake za kusaidiwa ambazo mzazi anafundishwa na mtaalamu wa tiba ya usemi. Na tafadhali msikate watoto kimeo kwa ajili ya kigugumizi, havihusiani hata kidogo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye tundu la hedifoni. Kama haina, tafuta adapta ya USB-C yenye chipu yake ya sauti ndani, maana zile za bei ya chee kabisa simu nyingi zinazikataa.
- Hedifoni za waya za kuingia sikioni, zenye maiki kwenye waya. Sio lazima ziwe za bei, ila maiki iwe nzima.
- Programu ya DAF. Andika hizo herufi tatu Play Store au App Store zinakuja kadhaa. Chagua inayokuonyesha namba ya milisekunde (sekunde moja ina milisekunde 1,000) na kukuruhusu kuibadilisha, yenye kitufe cha "kidogo" na "sana" tu iache.
- Simu ya pili ya kurekodia, azima kwa mtu.
- Kompyuta yenye Audacity, ni ya bure. Unaihitaji siku ya kupima tu.
- Kitu cha kusoma: gazeti, kitabu cha hadithi, chochote cha Kiswahili cha kawaida.
- Daftari.
- Saa janja, kama unayo. Kama huna usinunue kwa ajili ya hili.

## Hatua ya 1: Jirekodi bila kifaa chochote

Usiruke hii. Bila rekodi ya mwanzo baada ya wiki kadhaa utakuwa unabishana na hisia zako, siku ukiamka vizuri utasema inafanya kazi, siku ukiamka vibaya utasema haifanyi.

Rekodi mbili: moja unasoma kwa sauti, nyingine unapiga stori na mtu, dakika tano hivi kila moja. Alafu kaa na kalamu uhesabu silabi ulizokwama kati ya silabi zote. Kiswahili kimetupa bahati hapa, silabi unahesabu kwa irabu tu. "Ninakwenda Kariakoo kununua viatu" ni irabu 16, basi ni silabi 16. Angalizo ni ile "m" inayosimama peke yake kama kwenye "mtu" au "mgeni", nayo ni silabi, iongeze.

Ukisema "Ka-ka-ka-Kariakoo" hiyo ni silabi moja iliyokwama, sio tatu. Kwenye silabi 300 ukikwama 24, asilimia yako ni 8. Andika.

Kwenye stori kuna ujanja ambao wenye kigugumizi wote tunaufahamu: unaona neno "Kariakoo" linakuja, unajua litakugomea, unasema "sokoni". Rekodi itaonekana safi na wewe unajua ukweli. Kila ulipokwepa neno weka alama pembeni, hizo nazo ni data.

Umefanikiwa ukiwa na: namba mbili kwenye daftari, ya kusoma na ya stori, zina tarehe. Usishangae ya stori ikiwa kubwa zaidi.

## Hatua ya 2: Unganisha kwa mpangilio huu

1. Zima Bluetooth kabisa, sio kutokonekti tu.
2. Chomeka hedifoni kabla ya kufungua programu. Ukigeuza mpangilio, spika ya simu itatoa sauti, maiki itaichukua, itairudisha tena spika, na utapata ule mlio mkali wa kwenye vipaza sauti vya harusini. Ukiwa umeshavaa unaumiza sikio.
3. Punguza sauti mpaka karibu na mwisho, ndo ufungue programu na kuiruhusu itumie maiki.
4. Toa programu kwenye setingi ya kubana betri, la sivyo skrini ikizima simu inaiua na wewe unabaki unaongea na hedifoni zilizokufa.
5. Kama programu ina kipengele cha kupunguza kelele au kufuta mwangwi, kizime kwa sasa. Kile cha kufuta mwangwi kimetengenezwa kuua sauti inayorudi, na wewe sauti inayorudi ndo unayoitaka.

Kwa nini Bluetooth hapana? Kwa sababu yenyewe tayari inachelewesha sauti, kawaida kati ya milisekunde 100 na 300 kutegemea hedifoni na simu, na haina setingi ya kuiondoa. Unaandika 60 kwenye programu, sikioni inafika 260. Na juu ya hapo, ukitumia maiki ya hedifoni hizo hizo za Bluetooth, simu inahamia kwenye hali ya kupiga simu, sauti inakuwa nyembamba kama ya redio mbovu. Muuzaji atakwambia zake ni za gemu hazicheleweshi. Zipime kama hatua inayofuata inavyosema, ndo mbishane.

Umefanikiwa ukisikia: sauti yako mwenyewe masikioni, safi, bila mlio.

## Hatua ya 3: Pima simu yako inachelewesha kiasi gani yenyewe

Hii ndo hatua ambayo karibu hakuna anayeifanya, na ndo inayoamua kama mengine yote yatafanya kazi. Simu yenyewe, hata kwa waya, inachukua muda kupokea sauti, kuichakata na kuitoa. iPhone huwa na muda mfupi. Android zinatofautiana vibaya sana, nyingine iko vizuri tu, nyingine ya bei rahisi inakula milisekunde 100 na zaidi kabla programu haijaongeza chochote.

Unapima hivi:

1. Weka ucheleweshaji kwenye programu uwe 0, au namba ya chini kabisa inayokubali.
2. Chukua hedifoni moja uibane kwenye maiki ya simu ya pili, hata kwa selotepu. Ile maiki ya kwenye waya iwe mbali kidogo, sentimita 30 hivi, ili isimeze sauti ya hedifoni na kuanza kujizungusha.
3. Anza kurekodi na simu ya pili. Gonga kalamu mezani, pigo moja kavu, subiri sekunde mbili, gonga tena. Fanya mara kumi.
4. Hamishia rekodi kwenye kompyuta, fungua na Audacity. Ikigoma kufungua faili la m4a, rekodi upya kwa wav.
5. Vuta karibu mpaka uone pigo moja peke yake. Utaona mlima wa kwanza, huo ni kalamu yenyewe, alafu mlima mdogo unaofuata, huo ni sauti iliyopita kwenye simu na kutoka hedifoni. Buruta kipanya kutoka mwanzo wa mlima wa kwanza mpaka mwanzo wa wa pili, chini kabisa utasoma urefu.
6. Pima kadhaa, chukua namba ya kati.

Usijali kuhusu umbali wa mezani, sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, haibadilishi kitu. Ukiona milima mitatu minne inayopungua, maiki ipo karibu mno na hedifoni, isogeze, na kwa kipimo tumia miwili ya kwanza tu.

Sasa hesabu: namba ya kuandika kwenye programu = ucheleweshaji unaoutaka toa ule wa simu. Simu yako inakula 40 na wewe unataka 70, andika 30. Simu inakula 180? Hiyo simu haifai kwa mazungumzo, tafuta nyingine, usipoteze muda kubadili programu.

Umefanikiwa ukiwa na: namba moja ya ucheleweshaji wa simu yako, imeandikwa kwenye daftari. Ukibadilisha simu, hedifoni au programu, unapima upya.

## Hatua ya 4: Chagua ucheleweshaji na sauti

Anzia milisekunde 60 mpaka 75 za ukweli, yaani baada ya ile hesabu. Tafiti za Joseph Kalinowski na wenzake miaka ya 1990 zilionyesha hata 50 inatosha kupunguza kigugumizi kwa watu wengi, na unaongea kwa kasi yako ya kawaida. Watu wanadhani ikichelewa zaidi itasaidia zaidi, wanaenda 200. Kwenye 200 hata mtu asiye na kigugumizi ulimi unamvurugika, anavuta maneno kama mlevi. Ucheleweshaji mrefu, 120 mpaka 150, una kazi yake, unakulazimisha kupunguza kasi, lakini ni wa chumbani kwenye kusoma.

Masikio mawili au moja? Kwa kawaida mawili yana nguvu zaidi. Nyumbani vaa mawili. Barabarani moja, bodaboda haitasubiri umalize sentensi.

Sauti iwe ya kutosha tu kuisikia juu ya ile inayotoka mdomoni. Shirika la Afya Duniani linashauri kutozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na ukizidisha sauti muda salama unapungua haraka. Masikio yakivuma baada ya kuvua, umezidisha.

Baadhi ya programu zinabadilisha pia uzito wa sauti, unajisikia mwembamba kama katuni au mzito. Inawasaidia baadhi ya watu ikichanganywa na DAF. Ijaribu baadaye, ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi.

## Hatua ya 5: Mazoezi ya kusoma, na tatizo la neno la kwanza

Dakika 15 kwa siku zinatosha, za kila siku, sio saa mbili za Jumapili.

Kuna kitu kimoja hakisemwi kwenye maelezo ya hizi programu: DAF haiwezi kurudisha sauti ambayo haijatoka. Kama kigugumizi chako ni cha kurudia rudia, sauti ipo, inarudi, inasaidia. Kama ni cha kukwama kimya, mdomo umefunga, koo limekaza, hakuna kitu, basi hedifoni nazo ziko kimya na hazikusaidii lolote mpaka ufungue njia mwenyewe. Wengi waliosema "haifanyi kazi kwangu" na hedifoni zao zilikuwa za waya, shida yao ilikuwa hii.

Kwa hiyo neno la kwanza unalianza hivi:

Vuta pumzi ya kawaida, sio ya kupiga mbizi. Acha hewa ianze kutoka kidogo kabla ya sauti. Kama neno linaanza na sauti inayoweza kuendelea, s, sh, f, z, m, n, l, w, iingie taratibu na uishike nusu sekunde: "Shhhikamoo", "Mmmtoto". Kama linaanza na sauti za kufunga, p, t, k, b, d, g, ch, usiibonyeze, gusa tu, ulimi au midomo ikutane kwa wepesi alafu ukimbilie irabu na hiyo irabu ndo uivute: "Kaaariakoo". Irabu ikishatoka, sauti inarudi masikioni, sasa tiririka nayo bila kusimama mpaka mwisho wa sentensi.

Vuta irabu ya neno la kwanza tu. Ya katikati ya sentensi iache na mkazo wake wa kawaida, silabi ya pili kutoka mwisho kama tunavyoongea wote, la sivyo utasikika kama unaimba na hutaki hiyo dukani.

Na usishindane na mwangwi. Kuna watu wanajaribu kuupuuza kwa kuongea kwa nguvu na haraka, kuna wanaosimama kuusubiri. Ongea, uache uje nyuma yako.

Wiki ya kwanza soma. Mwisho wa wiki jirekodi ukiwa umevaa, hesabu, linganisha na ile ya hatua ya 1.

Umefanikiwa ukiona: asilimia imeshuka wazi, mfano kutoka 8 kwenda 3. Kama haijasogea kabisa, jaribu 50, alafu 100, siku kadhaa kila moja. Kama bado, inawezekana wewe ni wa wale wasioitikia, na hapo usilazimishe, mtaalamu ana njia nyingine nyingi zisizotumia mashine.

## Hatua ya 6: Kuongea na watu

Kusoma ni rahisi kuliko kuongea, nafuu uliyoiona kwenye kitabu itapungua kidogo ukianza stori. Panda hivi, na usipande ngazi mpaka ya chini iwe nyepesi:

1. Mtu mmoja wa nyumbani anayejua unafanya nini. Mwambie asikumalizie maneno.
2. Duka la jirani, kitu kimoja, sentensi moja. "Naomba sukari nusu."
3. Jina lako kwa mtu mgeni. Kwa wengi wetu jina ndo neno gumu kuliko yote, maana halina neno mbadala la kukwepea.
4. Simu. Hapa kuna mtego wa kiufundi: ukipiga simu kwa simu ile ile, simu inachukua maiki na programu inakatika. Piga kwa simu nyingine ukiwa umeweka spika, ile ya DAF ibaki mfukoni na hedifoni zake.
5. Daladala.

Daladala ina mambo yake. Maiki haichagui, inachukua injini, muziki, konda anayegonga bodi, vyote vinarudi masikioni vimechelewa na unachanganyikiwa. Bana maiki kwenye kola karibu na mdomo, punguza sauti, vaa sikio moja, na iwashe vituo viwili kabla ya kushuka badala ya safari nzima. Sentensi yako iwe fupi na uanze na sauti laini: "Shusha Magomeni" ni nyepesi kuanza kuliko "Konda, nishushe". Huko sio kukwepa neno, Magomeni umeisema.

Na mtu akikuuliza mbona unaongea na hedifoni masikioni, ukiwa na mkubwa hasa inaonekana dharau, mwambie kwa kifupi kabla hujaanza: "Samahani mzee, hizi zinanisaidia kuongea." Wengi wanaelewa, na ukishasema hivyo ile presha ya kuficha inapungua na kigugumizi nacho kinapungua.

## Hatua ya 7: Kupunguza kifaa

Baada ya wiki kadhaa anza kuvua. Soma ukurasa mmoja umevaa, ukurasa unaofuata bila, kwa kutumia ule ule mwanzo laini. Alafu stori dakika tano umevaa, tano bila. Unachotaka kubaki nacho ni mwanzo laini na kasi, mwangwi unaondoka.

Hapa saa janja ina kazi. Iseti itikise kimya kila baada ya dakika kumi, na kila ikitikisa cheki vitu vitatu: taya limekaza? pumzi umeishika? unakimbia? Basi, unalegeza unaendelea. Kuna wanaotumia mtikiso wa mapigo kama ngoma, silabi moja kwa pigo, ni kweli kigugumizi kinaondoka karibu chote, ila unaongea kama roboti na hakuna atakayevumilia hivyo kazini. Tumia chumbani kama unapenda.

## Ikigoma, angalia kwa mpangilio huu

Unasikia mlio: hedifoni hazijaingia vizuri au umechomeka baada ya kufungua programu.

Sauti inakatikakatika: funga programu nyingine, chaji simu, angalia setingi ya kubana betri.

Ulikuwa unaenda vizuri, ghafla umerudi nyuma: angalia kwanza kama Bluetooth imewaka na simu imejiunga na kitu kingine, inatokea sana ukiingia kwenye gari au karibu na spika ya nyumbani. Alafu angalia kama simu imejiboresha mfumo usiku, pima upya ule muda wa hatua ya 3.

Unatiririka lakini kichwa kinauma: sauti kubwa au muda mrefu, pumzika.

Kila kitu kiko sawa na bado unakwama kimya kabla ya neno: rudi hatua ya 5 na uache programu kwa muda, fanya mwanzo laini bila hedifoni mpaka sauti itoke.

Ukipata nafasi ya kumwona mtaalamu wa tiba ya usemi, kwetu ni wachache na wengi wako hospitali kubwa za mijini, uliza kwanza idara ya masikio, pua na koo. Nenda na daftari, zile rekodi mbili za mwanzo, rekodi ukiwa umevaa, muda ambao simu yako inachelewesha yenyewe na ucheleweshaji uliokufaa. Siku ya kwanza wataalamu huanza kwa kurekodi na kuhesabu, kwa hiyo ukija na vyako mnaokoa muda na anaweza kuanza na kile kinachokusumbua zaidi.